Mwenzangu kazini amenipa matone ya peptidi ya kuamsha ubongo. Niendelee nayo?

Dada mpendwa,

Habari za kazi? Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kukuandikia. Leo imenibidi, maana jambo lenyewe naona aibu kumwuliza mtu wa karibu.

Nina miaka 38, ni mkaguzi wa hesabu, nimeolewa na tuna watoto wawili. Mdogo ametimiza mwaka na miezi kadhaa na bado ananyonya, hasa usiku. Mwaka huu nimejiandikisha kwa mitihani ya mwisho ya taaluma yangu, ile ninayoiahirisha tangu mimba ya kwanza. Watoto wakishalala, saa nne usiku, ndipo nafungua vitabu, na mara nyingi nalala saa saba. Saa kumi na moja na nusu niko macho tena.

Shida ni kwamba hakuna kinachoingia kichwani. Ukurasa mmoja nausoma mara tatu, nikifunga kitabu ni kama sijakigusa. Juzi kwenye kikao nilitaka kutaja jina la mteja ambaye mafaili yake nimeyashika miaka minne, jina likagoma kutoka. Nikabaki nimeinua kalamu, wote wananitazama, hadi kijana wa mafunzo akanisaidia.

Kuna mwenzangu kazini ambaye amefaulu mitihani hiyohiyo, na anasema siri yake ni peptidi. Aliniambia kwamba si dawa za kulevya wala si kemikali, ni vitu ambavyo mwili wenyewe hutengeneza, kwa hiyo haviwezi kudhuru. Akanipa kichupa cha Semax, matone ya puani. Unga wake huagiza mtandaoni na maji anachanganya mwenyewe. Kichupa kimeandikwa ni kwa matumizi ya utafiti tu, si kwa binadamu, lakini anasema hayo ni maneno ya kukwepa kodi na sheria. Nimetumia siku chache. Asubuhi ya kwanza nilihisi kichwa chepesi kabisa, nikafanya kazi hadi mchana bila kuchoka. Baada ya hapo sijui tena, siku nyingine nahisi kitu, nyingine sihisi chochote. Sasa anataka tuagize pamoja Selank ya kutuliza wasiwasi wa mtihani, na dihexa, ambayo anasema ina nguvu mara milioni kumi kuliko kitu ambacho ubongo hujitengenezea. Pia ametaja sindano za Cerebrolysin.

Sina ugonjwa wowote. Dawa ninayotumia ni klofeniramini tu, ile ya mzio, kwa sababu pua yangu ina mzio na pia inanisaidia kushika usingizi. Nameza moja kila usiku kwa miezi sasa. Kahawa nakunywa, tena nyingi, hata saa tatu usiku. Hedhi imerudi baada ya uzazi, nzito kuliko zamani.

Dada, nikwambie ukweli ulioko moyoni. Mama yangu alianza kusahau akiwa na miaka 71. Leo ananiita kwa jina la dada yake. Kila jina linaponipotea naona ndiyo yaleyale yananijia. Kama kuna kitu kinachoweza kuulinda ubongo wangu, niko tayari kukitumia hata kama hakijathibitishwa kikamilifu. Je, niendelee? Na je, nimwambie daktari au atanigombeza?

Wako,
Mama wa Vitabu Usiku

*

Mdogo wangu mpendwa,

Pole sana. Pole ya mama kwanza, halafu pole ya hizo saa nne za usingizi zinazokatwakatwa na mtoto.

Nianze na lililo la haraka: acha matone hayo leo. Unanyonyesha. Semax ikiingia kwa mama, hakuna kipimo kinachojulikana cha kinachofika kwenye maziwa wala cha kinachomtokea mtoto. Hilo peke yake lingenitosha hata kama kichupa kingetoka kwenye kiwanda bora kuliko vyote. Na hiki hakikutoka huko.

Sasa tukae tuzungumze, maana mwenzako hajakudanganya kila kitu. Peptidi ni minyororo mifupi ya asidi amino, vitu vilevile vinavyojenga protini, na kweli mwili hutengeneza nyingi. Insulini ni mojawapo ya peptidi hizo, ina asidi amino 51. Lakini angalia hoja yake inavyokwenda. Insulini mwili huitengeneza wenyewe, na dozi yake ikizidi inaua. Kitu kuwa cha mwilini hakukifanyi kiwe salama kwa kiwango chochote, kwa njia yoyote, kwa mtu yeyote.

Wazo la kutumia peptidi kuimarisha kumbukumbu lilianzia kwenye sayansi halali. Katika miaka ya 1960 huko Utrecht, Uholanzi, mtafiti David de Wied aliona kwamba panya walioondolewa tezi ya pituitari hushindwa kujifunza, na kwamba vipande vidogo vya ACTH, homoni inayotolewa na tezi hiyo, huwarudishia uwezo huo. Semax ni mjukuu wa kazi hiyo. Wanasayansi wa Moscow katika miaka ya 1980 walichukua kipande cha asidi amino nne cha ACTH, wakakiongezea nyingine tatu mkiani ili vimeng'enya visikivunje haraka. Urusi imeisajili kuwa dawa, na matumizi yake makubwa ni kwa watu waliopata kiharusi. Kwa panya huongeza BDNF, protini inayosaidia seli za ubongo kukua na kuungana. Kwa hiyo si uchawi, na sitakucheka kwa kuvutiwa nayo.

Ila kutoka kwa panya, na kutoka kwa mgonjwa wa kiharusi wodini, hadi kwa mama mwenye afya anayesomea mtihani, safari ni ndefu, na hakuna aliyeikamilisha. Tungehitaji majaribio makubwa ambayo watu kama wewe wanagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wanapata dawa na nusu wanapata matone yasiyo na kitu, na hakuna ajuaye nani kapata nini, kisha wanafuatiliwa kwa miezi. Hayo hayapo. Nchini Marekani mamlaka ya dawa, FDA, haijaiidhinisha Semax, na mwaka 2023 iliiweka pamoja na dihexa kwenye orodha ya viambato ambavyo maduka ya dawa yanayochanganya dawa yenyewe yanaonywa kwamba vinaweza kuwa na hatari kubwa kiusalama. Selank nayo ni ya Kirusi, imetokana na kipande cha kingamwili, na swali ni lilelile: ushahidi wake kwa mtu mwenye afya uko wapi?

Nataka uelewe kwa nini nasisitiza majaribio makubwa, kwa sababu uwanja huu umetuvunja moyo mara nyingi, hata pale dawa ilipokuwa safi na wazo zuri. Chukua insulini yenyewe, ikipulizwa puani ili ifike kwenye ubongo. Majaribio madogo yalitia matumaini makubwa. Lilipofanyika jaribio kubwa zaidi, la watu karibu 290 wenye kumbukumbu iliyoanza kudhoofika au Alzheimer ya mwanzo, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha faida. Chukua semaglutidi, peptidi inayotumika kwa kisukari na unene, iliyopimwa kuliko karibu peptidi zote. Ilipewa watu wenye Alzheimer ya mwanzoni katika majaribio mawili yenye jumla ya washiriki 3,808, kwa takriban miaka miwili. Novemba 2025 ilitangazwa kwamba haikupunguza kasi ya ugonjwa. Zote hizo ni dawa zenye kampuni kubwa, maabara na madaktari nyuma yake. Unapoambiwa kwamba kichupa kilichochanganywa nyumbani kimefaulu pale ziliposhindwa, una haki ya kudai ushahidi mzito sana.

Cerebrolysin usiiweke kabisa kwenye hesabu yako. Ni mchanganyiko wa peptidi unaotolewa kwenye ubongo wa nguruwe, huingizwa kwa sindano, na nchi kadhaa huitumia hospitalini kwa kiharusi na magonjwa ya kusahau. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima kwa pamoja majaribio ya tiba, kuhusu kiharusi cha ghafla ulihitimisha kwamba huenda haina faida katika kuzuia vifo, na ulionyesha dalili ya kuongezeka kwa madhara makubwa yasiyoua. Kama hali ni hiyo kwa wagonjwa, sioni sababu ya mtu mwenye afya kujidunga.

Dihexa ndiyo inayonitia hofu, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Ile namba ya mara milioni kumi inatokana na jaribio la maabara la kuangalia miunganiko ya seli za neva, dihexa ikilinganishwa na BDNF. Si kipimo cha kumbukumbu ya binadamu. Dihexa inaaminika kufanya kazi kwa kuchochea njia ya kipokezi kinachoitwa c-Met, ambacho huziambia seli zikue na zisambae. Baadhi ya saratani hutumia njia hiyohiyo kukua na kuenea. Ndiyo maana kuichochea kwa muda mrefu, bila mtu yeyote kukufuatilia, ni jambo la kuogopa. Na msingi wake wenyewe umetikisika. Mkuu wa kampuni iliyoanzishwa kutokana na utafiti huo aliondoka mwaka 2021 baada ya uchunguzi kubaini kwamba alikuwa amebadilisha picha katika machapisho yake ya kisayansi. Dawa ya kampuni hiyo iliyolenga njia hiyohiyo ya seli ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, na Septemba 2024 ikatangazwa kwamba haikufikia lengo. Mwenzako pengine hayajui haya. Mwambie, tafadhali, kwa upole, maana yeye ndiye anayeimeza au anayekaribia kuimeza.

Kuhusu kichupa chenyewe: yale maandishi ya utafiti tu yana maana yake kamili. Yanasema hakuna aliyewajibika kuhakikisha kwamba kilichomo kinafaa kuingia mwilini mwa mtu. Wauzaji wengi huonyesha cheti cha usafi wa asilimia 99. Kipimo hicho huhesabu ni kiasi gani cha unga ni peptidi inayotajwa. Hakisemi lolote kuhusu bakteria wala sumu zinazobaki bakteria wakishakufa. Halafu unga huo umechanganywa na maji jikoni kwa mtu, kwa mikono ya mtu, ukakadiriwa dozi kwa macho, na unakaa kwenye ncha ya kidondoshi inayogusa pua yako kila asubuhi. Kwa sindano ingekuwa mbaya zaidi, kwa puani si jambo dogo.

Na ile asubuhi ya kwanza? Naiamini kabisa, ulihisi ulichohisi. Huenda Semax ilifanya kitu. Huenda pia ni matumaini: umepata msaada baada ya miezi ya kuhangaika peke yako, na matumaini huamsha mtu kwelikweli. Ndiyo sababu majaribio huwa na kundi la dawa isiyo na kitu, na kundi hilo huwa na watu wanaojisikia vizuri zaidi pia. Kwamba siku zilizofuata zilikuwa nusu kwa nusu ni jibu la aina yake.

Sasa nirudi kwenye barua yako, kwa sababu nimeisoma mara kadhaa na naona sababu zimejaa humo, umezipitia haraka kana kwamba ni mambo ya pembeni.

Klofeniramini. Umeiandika mwishoni, lakini mimi ningeanza nayo. Vidonge hivyo vya mzio vya kizamani huingia kwenye ubongo, ndiyo maana vinakupa usingizi. Huzuia histamini, na kwa kiasi fulani huzuia pia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea kuhifadhi kumbukumbu. Dawa kama donepezili wanazopewa wagonjwa wa Alzheimer hufanya kinyume chake: huilinda asetilikolini isivunjwe. Na klofeniramini haitoki mwilini asubuhi. Kwa mtu mzima huchukua kama saa ishirini nusu yake tu kuondoka, kwa hiyo ukimeza kila usiku unaishi nayo mchana kutwa. Ule ukungu wa kikaoni ungeweza kuwa na mkono wake. Kwa mtoto anayenyonya inaweza kuleta usingizi, na kwa mama inaweza kupunguza maziwa. Nenda kwa mfamasia, mweleze kwamba unanyonyesha, muulize kuhusu loratadini au dawa ya kupuliza puani kwa ajili ya mzio. Inawezekana siku za kwanza usingizi ukasumbua kidogo, usiogope.

Usingizi wenyewe. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio ambalo watu wenye afya walilazwa saa nne, sita au nane kila usiku kwa wiki mbili. Waliolala saa sita au chini yake, mwisho wa wiki hizo, umakini wao ulikuwa umeshuka hadi kufanana na wa mtu aliyekesha usiku mmoja au hata miwili mfululizo. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba wenyewe hawakuona walivyodhoofika, walidhani wamezoea. Wewe hata sita hupati. Na usingizi ndio wakati ubongo unapopanga na kuhifadhi ulichosoma. Ukiiba saa mbili za kulala ili usome, unasoma vitu ambavyo huna pa kuviweka. Najua mtoto hana huruma na ratiba. Lakini kuna baba wa mtoto, hukumtaja hata mara moja katika suala la usiku. Mtoto wa umri huo anaweza kubembelezwa na baba angalau nusu ya usiku. Zungumzeni, na uende na ombi mahususi: kuanzia saa nne hadi saa tisa, yeye ndiye wa kuamka. Kahawa iishe saa nane mchana, kwa sababu kwa watu wengi nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano baadaye.

Hedhi nzito, uzazi wa karibuni, kunyonyesha. Madini ya chuma yakipungua kichwa huwa kizito na umakini hukatika, hata kabla damu haijaonyesha upungufu. Kwa hiyo usiridhike na kipimo cha wingi wa damu peke yake, omba na feritini, ambayo huonyesha akiba ya chuma. Omba pia kipimo cha tezi ya thairoidi, ambayo huweza kuvurugika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua na wakati mwingine haitulii, na vitamini B12. Mwambie daktari pia kama umepoteza hamu ya vitu ulivyovipenda au unalia bila sababu. Sonona huiba kumbukumbu vizuri sana, na mama wanaohangaika huificha kwa kuwa na shughuli nyingi.

Kuhusu mama, mdogo wangu. Kama ugonjwa wake ni Alzheimer, ile inayoanza mama akiwa na miaka 71 huongeza hatari ya mtoto kwa kiasi fulani, haimwandikii hukumu. Ile ya kurithi moja kwa moja, inayoanza watu wakiwa na miaka 30, 40 au 50, ni nadra, na huonekana kwa ndugu wengi wa ukoo mmoja kuanza mapema hivyo. Jina la mteja kukuponyoka kisha ukalitambua mara mtu alipolitaja ni dalili ya uchovu kwa mtu wa umri wako. Ingekuwa umepotea njia unayoipita kila siku, au unauliza swali lilelile mara tano bila kujua, au watu wa nyumbani wameona umebadilika tabia, ningekwambia uende kwa daktari wa neva wiki hii hii. Ukiyaona hayo, nenda. Na kama unataka kuulinda ubongo kwa miaka thelathini ijayo, vyenye ushahidi ni vya kawaida: shinikizo la damu lidhibitiwe, sukari idhibitiwe, kutembea kwa kasi mara kwa mara, usikivu upimwe ukipungua, sigara isiguswe.

Mtihani nao una njia yake. Acha kusoma ukurasa mara tatu. Usome mara moja, ufunge kitabu, uandike kwenye karatasi tupu unachokumbuka, ndipo ufungue uone ulichokosa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, wanafunzi waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi dakika tano baadaye, lakini wiki moja baadaye waliojipima kwa kukumbuka ndio walioshika zaidi. Saa moja ya namna hiyo, ukiwa umeshapata usingizi wa kutosha, ina thamani kuliko zile tatu unazosoma huku unasinzia. Na kama mitihani imegawanywa katika masomo, chunguza kama unaweza kufanya mawili sasa na mengine awamu ijayo.

Daktari mwambie kila kitu. Nenda na kichupa mkononi, na paketi ya vidonge vya mzio, umwoneshe vyote viwili. Akikugombeza, mwambie kwa utulivu kwamba umekuja kwa sababu unataka kuacha na unataka kujua nini kinakuchosha, halafu mtajie vipimo nilivyokuandikia. Akiendelea kukugombeza, tafuta daktari mwingine. Uniandikie majibu ya feritini yakitoka.

Dada yako